Tokibeki yangu imesikika hewani ilhali spika za studio zilikuwa zimekatika: ilipitia wapi?

#1 ZamuYaAsubuhi
Wakuu, habari za kazi. Naomba mnisaidie kufikiri, kwa sababu jambo hili limeninyima raha kwa siku tatu sasa.

Mimi ni fundi mitambo. Katika kipindi cha mahojiano ya moja kwa moja tulikuwa na mtangazaji na wageni wawili ndani ya studio, na mgeni wa tatu alikuwa kwenye simu. Mimi nilikuwa mitamboni, ng'ambo ya kioo. Zilipobaki dakika mbili kabla ya kumwingiza mgeni wa simu, nilibonyeza kitufe cha tokibeki (sauti ya fundi kwa walio studio, isiyotakiwa kwenda hewani) kinachokwenda kwenye hedifoni za mtangazaji peke yake, nikamwambia, "Dakika mbili, simu iko tayari." Wakati huo mgeni mmoja alikuwa amenyamaza katikati ya jibu lake, anatafuta neno.

Baada ya kipindi msikilizaji mmoja alituandikia kuuliza ni nani aliyesema "simu iko tayari" nyuma ya mgeni. Nikaifungua rekodi ya matangazo, na kweli nimo. Sauti yangu ni ndogo, nyembamba, kama ya mtu anayesemea ndani ya kopo, na baada ya kitambo kidogo inarudi mara ya pili ikiwa hafifu zaidi.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka, kwa hiyo spika za studio zilikuwa zimejikata zenyewe kama kawaida. Chaneli ya simu ilikuwa bado haijawashwa. Nilikuwa naisikiliza kwa kyuu tu, yaani usikilizaji wa fundi mwenyewe. Sauti yangu ilipitia wapi?

#2 SikioMakini
Pole, mkuu. Mimi naanza na hedifoni, kwa kuwa ndiyo njia fupi kuliko zote. Spika za studio hukatika maikrofoni inapofunguliwa, lakini hedifoni hazikatiki, nazo ndizo zinazokaa karibu zaidi na maikrofoni. Hedifoni isiyoziba sikio hupoteza besi kwanza, zikabaki sauti za juu tu, na hiyo ndiyo "sauti ya kopo" unayoieleza. Mgeni asiyeizoea studio mara nyingi huinua upande mmoja ili ajisikie mwenyewe anavyosema, au huzitundika shingoni kabisa, na hapo unakuwa umemwekea spika ndogo sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni. Wageni wako walizivaaje?

#3 KeboNyeusi
Kabla hatujawalaumu wageni, tuziangalie waya. Maikrofoni hutoa milivolti chache tu, ilhali hedifoni hupelekewa volti nzima na zaidi, yaani mara mamia kadhaa ya kile kinachotoka kwenye maikrofoni. Kebo ya maikrofoni ina waya mbili zinazobeba sauti kwa mizani, moja kinyume cha nyingine, kwa hiyo hujilinda vizuri. Hedifoni hazina mizani hiyo: kushoto na kulia hurudi kwa waya mmoja wa pamoja, na waya huo ukikutana na waya wa ardhi wa maikrofoni mahali popote chini ya meza, sauti hupita. Pia kebo zilizolala pamoja kwa mita nyingi huvujishiana sauti za juu kwa urahisi kuliko besi, kwa hiyo "kopo" la mleta mada linaweza kuwa ni kebo kama linavyoweza kuwa hedifoni.

Niliwahi kutafuta kosa la namna hii kwa miezi miwili. Lilipatikana siku niliyolala chali chini ya meza ya studio na kukata utepe uliofunga kebo sita katika fungu moja, nne za hedifoni na mbili za maikrofoni. Aliyezifunga alitaka chumba kipendeze, na kwa kweli kilipendeza.

Jaribio lake ni rahisi. Chomoa maikrofoni, weka mahali pake rezista ya omu 200, uache hedifoni zimechomekwa, kisha zungumza kwenye tokibeki huku ukisikiliza chaneli hiyo. Rezista haina masikio. Ukijisikia bado, sauti inapita kwenye waya. Usipojisikia, ilikuwa inapita hewani.

#4 ZamuYaAsubuhi
Ahsanteni. @SikioMakini, mgeni wa pili alikuwa amezitundika shingoni karibu kipindi kizima. Nimeangalia picha tuliyopiga. Lakini kitufe nilichobonyeza ni cha mtangazaji peke yake, na mtangazaji huvaa zake vizuri, masikio yote mawili. Sauti yangu haikupaswa kufika kwenye hedifoni za wageni. @KeboNyeusi, rezista nitaitafuta.

#5 Mwanagenzi
Samahanini, mimi bado najifunza. Je, haiwezekani kwamba ni kyuu yenyewe iliyokwenda hewani? Nilivyofundishwa ni kwamba kyuu huichukua sauti baada ya feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), kwa hiyo chochote kilichomo kwenye kyuu tayari kimo kwenye matangazo.

#6 FedaChini
@Mwanagenzi, umefundishwa kinyume, na ni vizuri umeuliza kabla hujakaa kwenye meza ya kuchanganyia sauti peke yako. Kyuu huichukua sauti kabla ya feda. Kazi yake yote ni hiyo: feda ikiwa chini kabisa na chaneli ikiwa imezimwa, wewe unaisikia na kuipima, msikilizaji haisikii. Upo pia usikilizaji wa baada ya feda, lakini huo ni kitufe kingine na jina lingine, nao hukuonyesha kile kinachochangiwa na chaneli hiyo katika mchanganyiko.

Sisi tulioanzia kwenye santuri tulikuwa na kyuu mwisho wa feda yenyewe. Unaivuta chini mpaka sifuri, unaisukuma kidogo zaidi, inalia "tik", na sauti ya santuri inatoka kwenye spika ndogo ya mezani. Unaisaka noti ya kwanza kwa kidole, unairudisha sahani nyuma nusu mzunguko ili ipate nafasi ya kushika mwendo, kisha unasubiri. Mkono ulijua bila macho. Meza nyingi za leo zina kitufe, na nyingi hukifuta chenyewe mara chaneli inapowashwa, ili usiendelee kuisikia mara mbili.

Kwa mleta mada: kyuu yako ilikuwa inatoka wapi, kwenye hedifoni zako au kwenye spika ya mezani?

#7 HaibridiMoja
Naona watu wanalikwepa neno moja katika chapisho la kwanza: "inarudi mara ya pili". Hedifoni haisemi mara mbili, na kebo pia haisemi mara mbili. Kinachosema mara mbili ni simu.

Mgeni wa simu hupelekewa miksi-mainasi, yaani mchanganyiko wa sauti zote isipokuwa yake mwenyewe, kwa sababu akijisikia kwa kuchelewa hatoweza kuongea. Katika meza nyingi, chaneli ya simu ikiwa imezimwa na iko kwenye kyuu, mgeni hasikii matangazo tu bali pia maikrofoni ya fundi, ili uweze kumwandaa. Sasa mpangaji wa meza akikosea kidogo, kila tokibeki, hata ile ya mtangazaji, humwendea mgeni wa simu. Kutoka kwake inarudi kwa njia mbili: ama haibridi (kifaa kinachounganisha laini ya simu na meza) haijasawazishwa vizuri na inaivujisha sauti inayokwenda kwenye sauti inayorudi, ama mgeni ameweka simu kwenye spika na maikrofoni ya simu inakuokota. Kuwa nyembamba ni jambo la kawaida hapo, maana laini ya kawaida ya simu haipitishi zaidi ya takriban hezi 300 hadi 3,400.

Udhaifu wa hoja yangu nauona mwenyewe: umesema chaneli ilikuwa imezimwa. Una hakika?

#8 ZamuYaAsubuhi
Wakuu, lazima nijisahihishe. @HaibridiMoja amenirudisha kwenye rekodi, na nimeisikiliza tena kwa utulivu usiku. Sekunde kama 40 kabla ya sauti yangu kuna pumzi ya mtu, halafu kiti kinalia. Katika studio yetu hakuna kiti kinacholia namna ile. Ni nyumbani kwa mgeni wa simu. Kwa hiyo chaneli ilikuwa imeshawashwa na feda nilikuwa nimeshaipandisha, pengine theluthi moja, kwa mazoea ya kujiandaa mapema. Nilikuwa naamini kabisa kwamba haikuwa hivyo.

@FedaChini, kyuu ilikuwa kwenye hedifoni zangu, sikio moja kyuu na jingine programu, yaani mchanganyiko unaokwenda hewani. Spika ya kyuu ya mezani ilikuwa imepunguzwa mpaka mwisho.

Nimepima pia umbali kati ya sauti yangu ya kwanza na ya pili kwenye programu ya kuhariri. Ni milisekunde 190 hivi.

#9 SikioMakini
Milisekunde 190 ni kipimo kizuri sana, ahsante kwa kukileta. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo muda huo ni sawa na mita 65, kwenda ukutani na kurudi. Hakuna studio ya mahojiano yenye ukuta wa mbali kiasi hicho. Ya pili, basi, si mwangwi wa chumba, na hapo nampa @HaibridiMoja ushindi.

Lakini ya kwanza hajaieleza. Ukiniambia zote mbili zimetoka kwenye simu, niambie ni kwa nini simu moja irudishe sauti mara mbili. Mimi naona hivi: ya kwanza ilivuja kwenye hedifoni, ikaingia kwenye maikrofoni ya studio, ikawa sehemu ya matangazo. Kwa kuwa ni sehemu ya matangazo, ikaingia pia kwenye miksi-mainasi, ikamfikia mgeni wa simu, ikarudi kupitia simu yake. Kosa ni moja tu, na simu imelirudia.

#10 HaibridiMoja
Haibridi inaweza kabisa kurudisha mara mbili. Uvujaji wa haibridi yenyewe ni wa papo hapo, kwa kuwa haujasafiri popote. Mwangwi wa upande wa mgeni ndio unaochelewa, kwa sababu umekwenda na kurudi. Hizo ni mbili. Sihitaji hedifoni hata moja.

#11 Kimbunga
Milisekunde 190 inaweza kuwa setilaiti? Najua setilaiti huchelewesha nusu sekunde.

#12 FedaChini
Nusu sekunde ni kwenda na kurudi, yaani kutoka swali lako mpaka jibu kukufikia. Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka mara moja huchukua takriban milisekunde 240 hadi 280 kutegemea ulipo. Mwangwi wa mgeni wa setilaiti ungerudi baada ya 480 na zaidi, kwa hiyo 190 ni ndogo mno. Simu ya mkononi inatosha kuieleza, maana mtandao wake husimba na kusimbua sauti njiani, na kila hatua hula muda wake.

#13 SautiYaJioni
Mimi niko upande wa pili wa kioo, ni mtangazaji, na nimesoma yote haya kwa makini kwa sababu sauti mnazozijadili huishia kichwani mwangu.

Mleta mada, uliongea wakati mgeni amenyamaza kutafuta neno. Naelewa kwa nini: uliona nafasi. Lakini kwangu mimi ile ndiyo nafasi iliyo mbaya kuliko zote. Kwanza, kimya hakina cha kukufunika, ndiyo maana msikilizaji alikusikia. Pili, wakati huo naamua kama nimsaidie au nimwache. Siku moja nilikuwa namhoji mama aliyempoteza mtoto wake. Alikuwa amefikia sentensi ambayo niliona wazi kwamba hajawahi kuisema mbele ya mtu, akanyamaza, mimi namtazama machoni. Sauti ikaniingia masikioni kwa nguvu: "Malizia, tangazo linasubiri." Nilishtuka. Uso wangu ukabadilika kwa sekunde moja tu, naye akauona, akasema, "Basi, ni hayo tu." Hakuna msikilizaji aliyeisikia tokibeki ile, lakini sentensi ile hatukuipata tena.

Fundi ninayefanya naye kazi sasa husubiri mgeni awe anaongea kwa mtiririko, kisha huniambia maneno mawili, "dakika mbili", kwa sauti ya chini. Hanipi sentensi nzima. Kama ana jambo refu huniandikia kwenye skrini. Nikiwa naongea mimi, haongei kabisa isipokuwa kwa dharura, kwa kuwa siwezi kusema na kusikiliza maneno mengine kwa pamoja.

#14 ZamuYaAsubuhi
Dada, ahsante. Hilo la kuongea kwenye kimya sikuwahi kulifikiria kwa upande wa aliyevaa hedifoni. Nimelichukua.

#15 MitaMbili
Naongeza kwenye hoja ya @SautiYaJioni kuhusu "kwa nguvu". Meza nyingi hupunguza programu kwenye hedifoni tokibeki inapobonyezwa, na kiasi hicho hurekebishwa, kwa kawaida desibeli 10 hadi 20. Kikiwekwa kidogo mno, fundi hulazimika kupandisha tokibeki ili isikike juu ya programu. Na tokibeki iliyopandishwa ndiyo inayovuja. Kwa hiyo mleta mada angalie kiasi hicho kabla ya kununua hedifoni mpya.

Kuhusu kusikiliza kwa kugawa masikio alikokutaja kwenye chapisho la 8, kuna mtego. Kyuu ikiingia sikio moja huwa imejumlishwa kushoto na kulia. Niliwahi kuwa na wimbo ambao mita zake za kiwango cha sauti zilikuwa zinacheza vizuri lakini sikio la kyuu lilikuwa karibu kimya, mwimbaji ametoweka kabisa, zimebaki ala za pembeni tu. Nikadhani hedifoni imekufa. Kumbe waya za upande mmoja wa kebo ya mashine ya kuchezea zilikuwa zimebadilishana nafasi, chanya kwa hasi, na kushoto na kulia zilipojumlishwa zikafutana. Kyuu ndiyo iliyonifichulia kosa ambalo wasikilizaji wenye redio ya spika moja walikuwa wanalisikia kwa wiki nzima.

#16 Jukwaani
Nami nimetoka kwenye sauti za matamasha, na ningependa kuwatahadharisha wanaohama kama mimi. Meza za jukwaani zina hali moja ambayo ukibonyeza kitufe cha kusikiliza chaneli, chaneli nyingine zote hukatika kwenye matokeo makuu. Ni muhimu sana wakati wa kujaribu vyombo kabla ya onyesho. Wiki yangu ya pili redioni, meza ya muda tuliyokodi ilikuwa imeachwa katika hali hiyo. Nikabonyeza ili nimsikie mgeni wa simu kabla sijamwingiza, na mtangazaji akatoweka hewani. Sekunde nne. Alikuwa anaendelea kuongea huku ananitazama, na mimi namwona midomo inacheza, mita zimelala.

#17 SikioMakini
Hizo zote ni kweli na nimejifunza, lakini turudi kwa mleta mada, tafadhali. Bado hatujajua sauti ya kwanza ilipitia wapi.

#18 ZamuNdefu
Nina maelezo ya tatu, na nashangaa hayajatajwa. Katika meza nyingi maikrofoni ya tokibeki si kifaa tofauti. Ni ileile maikrofoni ya fundi ambayo anaweza pia kwenda nayo hewani. Ukibonyeza tokibeki, meza inatakiwa ikuondoe kwenye matangazo kwa muda huo na kukupeleka kwenye hedifoni. Hiyo ni mantiki inayopangwa. Mtu aliyeipanga akiisahau, chaneli yako ikiwa imewashwa unakwenda kote kuwili. @ZamuYaAsubuhi, chaneli ya maikrofoni yako ilikuwa imewashwa? Usijibu kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu yako imeshatuangusha mara moja kuhusu simu.

#19 ZamuYaAsubuhi
Ni haki uniulize hivyo. Nimeangalia mpangilio uliohifadhiwa wa kipindi kile: maikrofoni ya mitamboni huanza ikiwa imezimwa, na mimi sikusema neno hewani siku ile. Lakini mpangilio hauonyeshi kilichobonyezwa katikati ya kipindi.

#20 ZamuNdefu
Basi sijafutwa bado. Ila nakiri kwamba ungekuwa umepita njia hiyo, sauti yako ingekuwa nene na ya karibu, si ya kopo. Labda feda ilikuwa chini sana.

#21 MitaMbili
Swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema: rekodi hii imechukuliwa wapi, kwenye matokeo ya meza au kwenye redio inayopokea matangazo? Kama ni kwenye redio, kuna kichakata sauti katikati. Hicho kazi yake ni kupandisha kilicho chini na kubana kilicho juu. Mgeni aliponyamaza, kikaanza kufungua, na chochote kilichokuwa kimejificha kikapanda kwa desibeli kadhaa. Kwa hiyo huenda uvujaji wako ni mdogo kuliko unavyodhani na huwa upo kila siku. Siku hiyo tu ulikutana na kimya.

#22 ZamuYaAsubuhi
Ni kwenye redio. Nimeisaka pia rekodi ya matokeo ya meza: nimo, lakini ningeisikiliza bila kuambiwa nisingejigundua. @MitaMbili uko sahihi kwamba ipo kila siku. Nimefungua vipindi vingine vitatu nikatafuta sehemu nilizobonyeza tokibeki, na katika viwili nimejisikia, mara zote mgeni akiwa amenyamaza. Na katika hivyo viwili hapakuwa na simu yoyote, wala sauti ya pili.

#23 SikioMakini
Hapo! Hakuna simu, na sauti ya kwanza bado ipo. Haibridi imetoka kwenye kesi.

#24 HaibridiMoja
Imetoka kwenye sauti ya kwanza, nakubali bila kinyongo. Ya pili bado ni yangu. Na nina swali: kama ya pili ni mwangwi wa mchanganyiko wote, kama ulivyosema kwenye chapisho la 9, basi maneno ya mtangazaji na ya mgeni nayo yangerudi baada ya milisekunde 190, kwa kiwango kilekile cha kupungua. Je, yanarudi?

#25 ZamuYaAsubuhi
Nimepima kwenye rekodi ya meza, ambayo kichakata hakijaigusa. Yanarudi, lakini hafifu sana. Sauti ya mtangazaji inaporudi huwa imeshuka kwa zaidi ya desibeli 30. Yangu inaporudi imeshuka kwa desibeli 12 hivi.

#26 HaibridiMoja
Kwa hiyo ulifika kwa mgeni wa simu ukiwa na nguvu kuliko ulivyoingia kwenye matangazo. Uvujaji wa hedifoni peke yake hauwezi kufanya hivyo. Kuna njia ya pili inayokupeleka moja kwa moja kwake. Chunguza kama miksi-mainasi ya simu imetengenezwa kutoka kwenye hedifoni za mtangazaji, maana huko ndiko tokibeki inakoingizwa.

#27 KeboNyeusi
Au mwangwi wa mtangazaji umebanwa na kifaa cha kuzuia mwangwi, ambacho hufanya kazi vizuri zaidi kwa sauti kubwa inayoendelea kuliko kwa maneno matano yaliyotokea ghafla kwenye kimya. Desibeli 12 na 30 huenda si ushahidi wa njia mbili.

Na rezista je?

#28 ZamuYaAsubuhi
Nimefanya jana usiku baada ya matangazo kufungwa. Nimetumia maikrofoni namba 2, ya mgeni aliyezitundika hedifoni shingoni.

Kwanza maikrofoni halisi, hedifoni zikiwa mezani umbali wa sentimita 20: nimejisikia wazi kabisa. Kumbe tokibeki ya mtangazaji inafika kwa wageni, kwa sababu hedifoni zote nne zinatoka kwenye amplifaya moja, na kitufe kinachoandikwa "mtangazaji" kwa kweli ni cha amplifaya nzima. Hilo sikuwahi kulijua kwa miaka miwili.

Kisha rezista mahali pa maikrofoni, bila kugusa feda wala kiwango: sauti imeshuka sana, lakini haikutoweka. Nikipandisha kiwango cha chaneli karibu na mwisho naisikia, nyembamba zaidi kuliko mwanzo.

#29 SikioMakini
Imeshuka sana. Kwa hiyo kubwa ilikuwa inapita hewani, kutoka kwenye hedifoni iliyoachwa wazi. Mgawie mtangazaji matokeo yake mwenyewe kwenye amplifaya, na wageni wape hedifoni zinazoziba masikio.

#30 KeboNyeusi
Haikutoweka. Rezista haina masikio, na bado imesikia. Ulichomeka hedifoni ngapi wakati wa jaribio? Mkondo unaorudi kwenye waya wa pamoja huongezeka kwa kila hedifoni inayochomekwa, na siku ya kipindi zilikuwa angalau tatu.

#31 ZamuYaAsubuhi
Mbili. Na nilikuwa nanong'ona, kwa sababu chumba cha jirani walikuwa wanarekodi.

#32 KeboNyeusi
Rudia na zote nne, kwa sauti ya kazi, kisha na kebo ya maikrofoni ikiwa imetolewa kwenye fungu na kupitishwa juu ya meza.

#33 HaibridiMoja
Na mtu akiwa kwenye simu, feda ya simu ikiwa theluthi moja kama siku ile. Mara ya kwanza awe ameishika sikioni, mara ya pili aiweke kwenye spika.

#34 ZamuYaAsubuhi
Studio iko wazi kesho kutwa kuanzia saa 6 mchana, kwa saa mbili. Nitarekodi matokeo ya meza na ya redio kwa pamoja na kuyaweka hapa. Leo nimeshabadilisha jambo moja: feda ya simu inabaki chini mpaka mtangazaji ataje jina la mgeni.